Mikoko Ihesabiwe, Ndege Wasikilizwe

Mikoko ikikatwa, picha ya setilaiti huonyesha pengo. Msitu uliosimama huku viumbe wake wameuhama haujulikani kutoka angani. Kwa hiyo tunasema vinasa sauti vifungwe mikokoni, kuanzia Vanga hadi Lamu katika pwani ya Kenya, na milio ya ndege iwe sehemu ya vipimo vya afya ya msitu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kinasa sauti kinachoenea kiganjani, kama AudioMoth, hufungwa juu ya shina yasikofika maji ya bamvua, kikapangiwa kunasa dakika chache kila saa. Mtafiti hukwamishwa na tope, hufukuzwa na maji yanayojaa, na ndege hunyamaza akikaribia. Kifaa hukaa hapo usiku na mchana.

Ndege wana mengi ya kusema. Chozi hufyonza maua ya muia, aina mojawapo ya mikoko, na kuyachavusha. Mdiria wa mikoko hula kaa, na chamchanga hutafuta minyoo topeni maji yakipwa. Mmoja wao akitoweka msimu baada ya msimu, kuna jambo chini ya majani linalohitaji kuchunguzwa, hata kama kwa juu msitu ni kijani kibichi.

Hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa mikoko ina soko. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi, Kwale, umeuza kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yakasaidia maji na shule za vijiji. Ni mfano wa kujivunia. Lakini tani za kaboni hupima miti. Shamba la mkoko wa aina moja tu, lililopandwa kwa mistari, laweza kuhifadhi kaboni bila kuwarudisha wakazi wote wa msitu wa asili.

Tahadhari zipo. Kelele si afya: kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wanaweza kujaza rekodi nzima. La maana ni nani analia. Tena ndege wengi wa ufukweni ni wahamiaji, wapo wakati wa kaskazi na huondoka kusi ikikaribia. Kwa hiyo bamvua ilinganishwe na bamvua, kaskazi na kaskazi, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Programu za kutambua milio, kama BirdNET, zimefunzwa zaidi kwa ndege wa Ulaya na Marekani, basi majibu yake yahakikiwe na watu wanaowajua ndege wa hapa. Na miti bado ipimwe, kaa wahesabiwe.

Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ziweke utaratibu mmoja wa kurekodi. Vijana wa vijijini wafunzwe kazi hiyo na walipwe, wasifanywe wabeba mizigo wa watafiti. Rekodi zibaki mali ya jamii, na mazungumzo ya wavuvi yatakayonaswa yafutwe.

Mradi wowote unaouza kaboni ya mikoko uambatanishe ripoti ya ndege. Anayelipia msitu ana haki ya kujua kama una uhai, na anayeulinda ana haki ya kujua kabla yake.