Lupango wa miti huku kwetu kwenye baridi



Juma hili tunazungumza juu ya lupango. Lupango mbaya umetupotezea kazi ya mwaka mzima, na hatupendi kikundi kingine kipite njia hiyo.

Mnakumbuka shamba letu la pamoja huku juu, katika vilima vya Lubero. Ni mita 40 kwa 24. Tulipanda kabichi, karoti na puaro ili faida isaidie kulipa minervali ya watoto wa sekondari. Tulilizungushia miti michanga ya mikaratusi, iliyokatwa Jumatatu na kusimikwa Alhamisi, magome yakiwa bado juu yake. Bei ilikuwa rahisi, na siku ya salongo tulimaliza kabla ya saa nane. Tulipiga hata vigelegele. Misimu mitatu ya mvua ilipopita, upande wa chini ulilala wote usiku mmoja wa upepo. Asubuhi mbuzi wa jirani walikuwa ndani, na kabichi zilizobaki hazikujaza kitunga kimoja.

Siku ile tulimkasirikia jirani. Maneno makali yalitoka, na ilibaki kidogo tufike kwa shefu. Mama mmoja mzee wa kikundi ndiye aliyetutuliza. Aliokota nguzo iliyoanguka akatuonyesha: sehemu ya juu ilikuwa ngumu, ncha iliyokuwa ndani kabisa ya udongo ilikuwa na nguvu bado, lakini pale kati, kwenye uso wa ardhi, mti ulikuwa laini kama mkate uliotiwa ndani ya chai. Akasema: "Mbuzi hawakuangusha huu mti. Waliukuta umekwisha kufa." Tukaenda kumwomba jirani msamaha, kisha tukaanza kujifunza upya.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mti unaoza mahali ambapo maji na hewa vinakutana. Kuvu, ndiyo inayokula mti, inahitaji vyote viwili. Juu, upepo unakausha mti. Chini sana, hewa ni kidogo. Usawa wa udongo una vyote viwili siku zote. Huku kwetu, mahali pengi panapita mita 2.000, mchwa si wengi kama kule chini kwenye joto, lakini ukungu wa asubuhi na mvua za msimu mrefu haziachi nguzo ikauke. Adui wetu mkubwa ni unyevu.

Mmoja wetu ana binti anayeishi Kanada. Huko baridi ni ya namna nyingine. Udongo wenyewe unaganda, maji yaliyo ndani yake yanavimba, na nguzo inasukumwa juu kidogo kidogo kila mwaka. Kwa hiyo mafundi wa huko wanachimba mpaka kupita pale udongo unapoganda, na mahali pengi ni zaidi ya mita 1. Sisi hatuna shida hiyo. Tusichimbe shimo la Kanada. Tuchimbe shimo linalopitisha maji.

Sasa tuje kwenye kuchagua mti. Ukikata mti uliokomaa utaona rangi mbili: kiini cha kati, mara nyingi cheusi zaidi, na sehemu nyeupe inayokizunguka. Ile nyeupe inaoza upesi, hata kama mti wenyewe una sifa nzuri. Mkaratusi mchanga, unene wa mkono, karibu wote ni mweupe, na ndiyo sababu wetu haukudumu. Tafuteni mti mzee wenye kiini kikubwa, ama mkaratusi ama msipresi, hata kama itabidi kununua nguzo chache kila mwezi kwa pesa ya likelemba. Gerevilea inatoa mbao nzuri za kupigilia juu, lakini msiifukie ndani ya udongo.

Mti ukishakatwa, utoeni gome siku hiyo hiyo, kwa maana gome linashika maji na kuficha wadudu. Upangeni chini ya kivuli, juu ya mawe, hewa ipite katikati, na uache angalau miezi mitatu. Tukikata mwanzoni mwa Juni, wakati mvua zimepungua, mwezi wa Septemba nguzo ziko tayari.

Wengi wanauliza juu ya kuchoma ncha kwa moto na kupaka mafuta machafu ya gari. Moto unasaidia kidogo tu. Ukiunguza sana, mti unapasuka na maji yanaingia ndani. Mafuta machafu ya mota tunayakataa kabisa karibu na mboga na karibu na chemchemi. Yana sumu, hayaingii ndani sana ya mti, na mvua inayapeleka kwenye udongo tunaolia chakula. Kwa shamba la watoto wetu, hapana.

Hesabu tuliifanya ubaoni, na kila kikundi kinaweza kuifanya. Mita 40 na 24, mara mbili, ni mita 128 kuzunguka. Nguzo moja kila mita 2: nguzo 64. Kila nguzo ina urefu wa mita 1,80. Sentimita 60 zinaingia chini, mita 1,20 zinabaki juu, na hiyo inatosha kumzuia mbuzi. Fito za kulala ni safu mbili, yaani mita 256. Mama anayekwenda sokoni na hesabu hii mkononi hawezi kudanganywa na muuzaji wala fundi.

Shimo liwe la sentimita 70. Chini kabisa tieni changarawe au mawe madogo, kimo cha sentimita 10, ili maji yateremke na mguu wa nguzo usikae ndani ya dimbwi. Simikeni nguzo, rudisheni udongo pamoja na mawe, kidogo kidogo, mkishindilia kila safu kwa mti mzito. Juu ya ardhi fanyeni kilima kidogo kuzunguka nguzo, ili maji ya mvua yakimbie upande wa nje. Mwenye pesa ya simenti ajue kwamba simenti iliyoishia chini ya usawa wa udongo inakuwa kama kikombe na inalowesha mti. Ipandishe juu kidogo na uipe mteremko.

Kichwa cha nguzo kikateni mshazari, maji yasikae juu yake. Mabanzi au mianzi ya kusimama isiguse udongo. Acheni nafasi ya vidole vitatu. Misumari iwe ile yenye kupakwa zinki, kama ya manjanja, kwa sababu misumari ya kawaida inaliwa na kutu upesi ndani ya ukungu huu. Mlango uwe na nguzo mbili nene kuliko zote, maana ndizo zinazovutwa kila siku.

Hata tukifanya hayo yote, lupango wa miti mikavu una mwisho wake. Wazee wetu walijua hilo, kwa hiyo walipanda lupango unaoishi. Kati ya nguzo kavu tunapanda vipande vya eritrina, ule mti wa maua mekundu wenye miiba kwenye gome, au drasena, mti wa mipaka. Kata kipande kinene kama mkono, kiache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha ukipande mvua zinapoanza. Usikipigilie misumari kabla hakijashika mizizi. Hata baadaye afadhali kufunga fito kwa kamba, na kuilegeza mti unaponenepa. Siku nguzo kavu zitakapochoka, zilizo hai zitakuwa zimeshika kazi. Kuhusu mnyaa, ambao wengine wanauita miyenzi, tunawaonya: maziwa yake yanaunguza macho. Msiupande mahali watoto wanapochezea.

Hapa kuna jambo ambalo fundi hatawaambia. Wengi wetu tunalima shamba la kukodi, au la ukoo wa mume. Kwetu, kupanda mti ni kama kusema "hapa ni pangu", na drasena inasema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Mwenye shamba akiikuta asubuhi bila kuulizwa, anaweza kuing'oa na kuwafukuza pamoja na mboga zenu. Kwa mama mjane, ni hatari zaidi: shemeji wanaweza kuona mti ule kama mwanzo wa kesi. Basi muombe ruhusa kwanza, mbele ya mashahidi wawili, na iandikwe kwenye karatasi, hata ya daftari la mtoto: ni miti gani, kwenye upande gani, na ni ya nani siku mtakapoondoka. Akikataa, jengeni kwa miti mikavu peke yake na mbaki na amani.

Sisi tuliomba. Mwenye shamba alikubali pande tatu. Upande wa nne, ule wa jirani mwenye mbuzi, alisema tuelewane wenyewe. Jirani akaleta vipande 15 vya eritrina kutoka kwake, akashika jembe pamoja nasi. Alituambia kwamba asubuhi ile ya kabichi hata yeye hakulala tena, kwa kuogopa kwamba tungemdai ng'ombe.

Kazi ya juma hili: chukueni kisu, mzunguke lupango wenu, mchome kila nguzo kwenye usawa wa udongo. Kisu kikiingia kwa urahisi, tieni alama ya chaki. Hesabuni alama, mzilete kwenye mkutano, na tutapanga pamoja nani asaidiwe kwanza. Wajane na wenye watoto wadogo wataanza.

Mbaki salama, na watoto wafunikwe vizuri usiku, baridi imeanza kukaza.