Likizo ya Chakula Kisiwani: Ulafi au Shule ya Afya?



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa wengi litaonekana geni: familia kufunga safari ya likizo ambayo shabaha yake kubwa ni chakula. Hawaendi kutazama majengo wala kulala ufukoni kutwa nzima. Wanakwenda kupika na kula pamoja. Mfano wetu unatoka mbali, nchini Denmark, kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Samsø. Wapo watakaosema kwamba huo ni ulafi wa watu walioshiba. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunaona vinginevyo, ingawa yapo mazoea ya huko ambayo hatuyaungi mkono.

Samsø ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 114, na wakazi wake hawafiki 4,000. Kisiwa hiki kipo kati ya rasi ya Jutland na kisiwa kikubwa cha Sjælland, na hufikiwa kwa feri kutoka pande zote mbili. Mwaka 1997 kilichaguliwa kuwa kisiwa cha mfano cha nchi hiyo katika matumizi ya nishati ya upepo na jua, na hapo jina lake likasikika duniani. Lakini Wadenmark wenyewe walikuwa wanakijua tangu zamani kwa sababu ya viazi mviringo. Viazi vya Samsø huwahi sokoni, na vile vya kwanza vya msimu hugombewa kwa bei kubwa. Hulimwa pia kabichi, maboga, stroberi na bitiruti, na ipo jibini maarufu yenye jina la kisiwa hicho.

Kwa sheria ya Denmark mfanyakazi ana haki ya wiki tano za likizo kwa mwaka. Familia nyingi hukodi nyumba ndogo ya likizo yenye jiko lake, badala ya kukaa hotelini. Kando ya barabara za Samsø wakulima huweka vibanda vyenye viazi, mboga na matunda. Mara nyingi hakuna muuzaji. Mnunuzi huchukua mfuko, hutia fedha katika kisanduku au hulipa kwa simu, kisha huenda zake. Baba, mama na watoto huzunguka kwa baiskeli, hukusanya mahitaji ya siku, na jioni hupika kile walichokipata.

Je, kuna faida gani kwa afya? Sisi tunaziona tatu.

Kwanza, mtoto hujifunza chakula kinatoka wapi. Huko Denmark shule hufungwa kwa juma moja mwezi Oktoba, na zamani juma hilo liliitwa likizo ya viazi, kwa sababu watoto wa vijijini walikwenda shambani kusaidia kuvuna. Siku hizi watoto wengi wa huko wanakulia mjini, na viazi wanavijua vikiwa vimekaangwa tayari na kutiwa katika mfuko. Mtoto aliyeosha kiazi chenye udongo kwa mikono yake hukila kwa hamu. Mama anayehangaika na mtoto mkataa mboga atatuelewa. Kumkaripia hakusaidii sana, kumshirikisha kunasaidia.

Pili, kazi ya jikoni hugawanywa. Hili tunalisema kwa mkazo. Likizo nyingi ni likizo ya wote isipokuwa mama. Wengine wanapumzika, yeye anahamisha jiko lake kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ikiwa familia imekwenda kwa ajili ya chakula, basi chakula ni kazi ya wote: huyu amenye, yule akate, baba asimame jikoni, watoto waandae meza na kuosha vyombo. Wakishakula pamoja bila haraka, ndipo mzazi hugundua kwamba mtoto wake hana raha, au kwamba babu ameanza kula kidogo kuliko kawaida. Magonjwa mengi yangejulikana mapema kama watu wangetazamana wakati wa kula.

Tatu, chakula chenyewe. Wadenmark hula sana mkate mweusi mzito wa nafaka ya rai, jamii ya ngano, ambayo haikukobolewa. Mkate huo hushibisha kwa muda mrefu na husaidia choo. Historia yao ina fundisho hapa. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nafaka kutoka nje ilikatika. Daktari Mikkel Hindhede aliishauri serikali kwamba nafaka iliyokuwa ikilisha nguruwe waachiwe watu. Nguruwe wengi wakachinjwa, watu wakala mkate wenye pumba, viazi na mboga, na pombe kali ikapandishwa ushuru mno. Katika mwaka uliofuata vifo vilipungua, wakati watu walitazamia njaa. Hatusemi kwamba ni mkate peke yake uliofanya hivyo, maana kupungua kwa pombe nako kulichangia. Hata hivyo ilionekana wazi kwamba chakula cha kawaida kinaweza kumtunza mtu vizuri. Tena mwaka 2003 Denmark ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuweka kikomo cha kisheria kwa mafuta yanayogandishwa viwandani, ambayo hudhuru moyo na mishipa ya damu.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yapo mambo ambayo hatuwezi kuyasifu.

Katika meza ya likizo ya Denmark bia na pombe kali huwa karibu sana, hasa panapoliwa samaki aina ya heringi. Wenyewe wameliona tatizo hilo. Mwaka 2022 wakuu wao wa afya walitoa ushauri kwamba mtu mzima asizidishe vinywaji 10 vya pombe kwa wiki, na walio chini ya miaka 18 wasinywe kabisa. Sisi tunaongeza: mtoto anayemwona baba yake akilewa kila jioni ya likizo hujifunza kwamba furaha hutoka chupani.

Chumvi nayo iangaliwe. Samaki wa moshi, jibini na vitu vilivyosindikwa vina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya chakula. Mwenye shinikizo la damu akila samaki wa moshi mchana, jioni apate kilichopikwa bila chumvi ya ziada.

Halafu kuna mayai mabichi. Kwenye kisiwa kingine cha nchi hiyo, Bornholm, watu hupenda heringi wa moshi juu ya mkate mweusi, na juu yake kiini cha yai bichi. Tangu miaka ya 1990 Denmark imekuwa na mpango wa kupima kuku wa mayai ili kuzuia vijidudu vya salmonela. Pasipo na upimaji wa namna hiyo, yai lipikwe mpaka ligande. Hata penye upimaji, sisi tusingempa yai bichi mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee wala mgonjwa.

Jambo la mwisho ni mgonjwa wa kisukari, ambaye mara nyingi husahauliwa familia inapofurahia chakula. Denmark ina historia kubwa katika ugonjwa huu. Profesa August Krogh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alikuwa na mke daktari, Marie, ambaye alikuwa na kisukari. Mwaka 1922 walisafiri Amerika wakapata habari za insulini, dawa mpya iliyokuwa imegunduliwa Toronto, Kanada. Krogh alipata ruhusa ya kuitengeneza kwao, akashirikiana na daktari Hans Christian Hagedorn, na mwaka 1923 maabara yao ya insulini ikaanzishwa. Hadi leo insulini kutoka Denmark inatumika katika hospitali nyingi duniani.

Basi mwenye kisukari asiachwe nyumbani, wala asikae mezani akitazama wenzake. Ale viazi, lakini kwa kiasi, pamoja na mboga nyingi na samaki. Dawa na milo vifuate saa zake hata kama ni likizo. Insulini isiachwe ndani ya gari kwenye jua wala isigandishwe kwenye barafu. Anayeitumia abebe sukari kidogo mfukoni anapoendesha baiskeli, maana mazoezi hushusha sukari mwilini.

Mtu atasema: hayo yote ni ya wenye uwezo. Ni kweli. Feri, nyumba ya kukodi na bei za majira ya joto ni mzigo hata kwa familia nyingi za Denmark. Lakini tukitazama vizuri, ni kipi hasa kinacholeta afya katika likizo hiyo? Bahari ni nzuri, na viazi vya bei kubwa ni vitamu, ila faida yenyewe inatokana na muda, mikono mingi jikoni, chakula cha shamba la karibu, na meza moja kwa wote. Haya hayahitaji tiketi. Familia inayokwenda kisiwani na kila mmoja akala peke yake mbele ya televisheni haikupata kitu. Familia iliyotenga siku moja tu, ikaenda pamoja shambani au sokoni, ikapika pamoja na kuketi pamoja, imekwisha kupata sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: likizo ya chakula si ulafi. Mlafi hula peke yake, tena bila kipimo. Wanaopika kwa zamu, wakala kwa kiasi na kumkumbuka mgonjwa wao, hao wako shuleni. Tunawashauri wazazi mjaribu katika likizo ijayo ya watoto. Chagueni siku, mgawane kazi, na mama apewe kiti akae wa kwanza.

Tunawatakia afya njema.