Sindano mpya ya Ukimwi: sayansi imefungua mlango, bei je?

Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza sindano ya lenacapavir itumike kuwakinga watu na virusi vya Ukimwi. Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, hatuna budi kwanza kuangalia jinsi virusi hivyo vinavyostawi ndani ya seli ambazo kazi yake ni kuulinda mwili.

Ikumbukwe kuwa virusi vya Ukimwi huzaliana ndani ya CD4, seli zinazoongoza jeshi la kinga. Seli hizo zina silaha, nayo ni protini iitwayo APOBEC3G, inayovuruga vinasaba vya virusi. Lakini mwaka 2002 watafiti nchini Marekani waligundua kuwa virusi vina protini yao, Vif, inayoizima silaha hiyo. Baadaye ilibainika kwamba Vif huifanya seli iivunjevunje APOBEC3G yenyewe kana kwamba ni taka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Protini nyingine hujenga ganda la virusi. Takriban 1,500 za aina moja hushikamana na kuvificha vinasaba hadi vifike kwenye kiini cha seli bila kugunduliwa. Ganda hilo ndilo linaloshambuliwa na lenacapavir. Dawa hung'ang'ania protini zake, ganda likashindwa kufanya kazi yake, na hata virusi vipya hutoka na kasoro.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yanajieleza yenyewe. Huko Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Ilipoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2025, bei yake ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Septemba mwaka huo yakatangazwa makubaliano ya kuuza dawa ya aina hiyo inayotengenezwa na makampuni ya India kwa takriban dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027, katika nchi 120 zenye kipato cha chini na cha kati. Brazil, ambako pia wananchi walijitolea kufanyiwa majaribio, haimo katika orodha hiyo.

Kwa mtazamo wetu, bei nafuu peke yake haitoshi. Kabla ya sindano lazima mtu apimwe, na kupima kunahitaji mhudumu na zahanati. Uamuzi wa Washington wa kusitisha misaada Januari 2025 ulionyesha hatari ya kutegemea mfuko wa jirani. Mwaka 2001 mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijafika huko.

Sisi tulio ughaibuni na nyinyi mlioko nyumbani tuna swali moja la kuwauliza viongozi wetu: ahadi ya Abuja itatimizwa lini?