JIKONI KWETU: Mvuke unapika, mvuke unaunguza



Ndoa ao matanga yakifika hapa Kalemie, wamama ndio wanaoitwa kupika. Na wengine wanapika kila siku kwa kuuza: samaki karibu na bandari, kwanga za wasafiri wa mashua na treni. Juma hili tuongee juu ya kupika kwa mvuke katika vyombo vikubwa.

Katika majiko ya hoteli kubwa kuna kabati la chuma lenye trei nyingi, na mashine inalijaza mvuke. Sisi tuna sufuria kubwa, vijiti vilivyopangwa juu ya maji, na majani ya ndizi. Kazi ni ileile: maji chini, chakula juu bila kugusa maji, kifuniko kinachokaa vizuri.

Faida ni tatu. Maji ni kidogo, kwa hiyo yanachemka upesi na makala hayaishi haraka. Moto mmoja unapika vyakula viwili: viazi chini, kuhe ao mgebuka ndani ya majani juu yake. Tena vitamini nyingi za mboga zinabaki ndani ya mboga. Ukichemsha na kumwaga maji, umezimwaga pamoja nayo.

Maji yasikauke. Weka kijiwe safi chini ya sufuria: maji yakichemka kinagonga-gonga. Kikinyamaza, angalia maji mara moja.

Sasa hatari. Mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na hapo unaacha joto linalozidi mara 5 lile lililohitajika kuyachemsha maji hayo kutoka baridi. Ndiyo maana unaunguza kuliko maji ya moto. Kwa hiyo:

– Inua kifuniko kuanzia upande wa mbali na wewe, uso ukiwa pembeni.
– Usifunge pipa ao sufuria kabisa kwa kamba wala kwa udongo. Mvuke ukikosa njia, chombo kinaweza kupasuka.
– Usitumie pipa lililobeba mafuta ya gari ao dawa za kemikali, wala usifunike chakula kwa plastiki.
– Watoto wakae mbali. Mama anayebeba mtoto mgongoni asiwe ndiye wa kufunua.

Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Ikiwa ni mtoto, ao ni usoni, ao ngozi imetoa malengelenge, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Neno la mwisho kwa wauza kwanga. Mvuke hautoi sumu ya muhogo mchungu. Sumu hiyo inatolewa na kuloweka siku kadhaa mpaka muhogo ulainike, ndipo unapondwa na kufungwa. Muhogo usiolowekwa vya kutosha ndio unaoleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa ghafla na hauponi. Tangu 1938 daktari Giovanni Trolli aliuandika katika Kwango, na mpaka leo unapata zaidi watoto na wamama. Soko likiwa na haraka, punguza hesabu ya kwanga. Usipunguze siku za kuloweka.

Katika kikundi chenu, chagueni mama mmoja wa kuchunga sufuria siku ya kazi: yeye peke yake anafunua, yeye anaongeza maji. Mikono mingi kwenye kifuniko kimoja ndiyo inayoleta ajali.

Tuonane juma lijalo.