Mjukuu wa kibarua naye ni Mtanzania

NENO LA JUMA
Na Devotha Kokugonza

Anayetaka kujua nani anaingia serikalini kutoka kwetu asianzie Dodoma. Aende stationari yoyote mjini Muleba siku nafasi za ualimu au uuguzi zinapotangazwa. Vijana wamejazana na bahasha za vyeti, mwenye kompyuta anawajazia maombi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mapema kabisa huulizwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Asiyenayo anarudisha bahasha kwapani na kushika njia ya kwao, hata kama matokeo yake ni mazuri kuliko ya waliobaki.

Miongoni mwa wanaokwama hapo wamo wajukuu wa vibarua waliotoka Rwanda na Burundi enzi za mkoloni, wakaja kulima na kuchuma kahawa ya Wahaya. Babu zao walioa hapa na wamezikwa migombani hapa hapa. Mjukuu anaongea Kihaya kama mimi. Lakini akienda kujiandikisha NIDA, balozi wa nyumba kumi anasitasita, mtendaji wa kijiji anataka cheti cha mzazi ambacho hakijawahi kuwepo, kisha Uhamiaji wanamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Bibi yangu naye hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mimi sikuulizwa, kwa sababu jina la ukoo wangu linajulikana.

Kusitasita huko kuna historia. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwasaka waliobaki. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, silipingi hilo. Lakini waliobebwa ni pamoja na watu walioishi hapa miongo mingi, wenye wake na waume Watanzania. Tangu hapo kiongozi wa kijiji anaona salama zaidi kukataa kuliko kusaini.

Sisi Wahaya tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema hili. Shule za misheni na fedha ya kahawa zilituingiza ofisini mapema, pamoja na Wachagga na Wanyakyusa. Serikali ilipoanza kugawa nafasi za sekondari kimkoa miaka ya 1970, wazazi wetu walilalamika kwamba watoto waliofaulu wanaachwa, wakajichanga kujenga shule zao. Hoja ya serikali ilikuwa ya haki: aliyetangulia asimzibie njia aliyechelewa. Haki hiyo haikomei kwenye mpaka wa mkoa. Ndani ya Kagera wapo waliochelewa, wakiwamo watoto wa visiwani, Goziba, Kerebe na Ikuza, ambao kufuata fomu tu ni safari ya mtumbwi.

Januari 1964 Mwalimu Nyerere alifuta upendeleo wa rangi katika utumishi wa serikali: raia akawa raia, awe Mwafrika, Mhindi au Mzungu. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, naye hakurudi nyuma. Kipimo kilikuwa uraia, na hatujapewa kingine.

Wakenya wamechagua kuhesabu makabila. Sheria yao ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Ulaya nako Waroma wamebaguliwa karne na karne, na ni mwaka 2021 tu sensa ya England na Wales ilipowatengea kisanduku chao. Sisi sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967, na sitamani swali hilo lirudi. Ila kutokuuliza kabila kusiwe kisingizio cha kutojua lolote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, na hakuna aliyesema hesabu hiyo inavunja umoja.

Tuhesabu kwa kata. Halmashauri ikipata kibali na kutangaza nafasi za watendaji wa vijiji au madereva, itoe taarifa baada ya usaili: kila kata imetoa waombaji wangapi, wamepita wangapi, wangapi wamekwamia kitambulisho. NIDA na Uhamiaji nao waende vijijini na visiwani pamoja, wasikilize ushahidi wa wazee, watoe uamuzi kwa maandishi ili anayekataliwa aweze kukata rufaa.

Madiwani wa Bukoba na Muleba, ulizeni takwimu hizo kwenye kikao chenu kijacho cha baraza.