Mota kwenye baiskeli yaitia Uholanzi tumbojoto

UHOLANZI, taifa lenye baiskeli nyingi kuliko raia wake, limejikuta likizozania baiskeli. Mnamo Septemba 2024, wabunge wa nchi hiyo waliunga mkono hoja ya kutaka kila anayeendesha baiskeli ya umeme ya tairi nene avae helmeti, na asiwe mtoto wa chini ya miaka 14. Waziri wa Miundomsingi wa wakati huo, Barry Madlener, alitahadharisha kwamba ni vigumu kisheria kuitenganisha baiskeli ya aina hiyo na baiskeli nyingine za umeme.

Tahadhari hiyo ilikuwa na mashiko. Iwapo sheria itapima upana wa tairi, mtengenezaji atapunguza upana kidogo tu na kuendelea kuuza. Kinachotisha barabarani si unene wa mpira, bali ni mota na mkono wa fundi aliyeifunga.

Tairi hizo hazikuundwa kwa ajili ya barabara za mijini. Zilianzia kwa waendeshaji waliotaka kupita kwenye theluji ya Alaska na mchanga wa jangwa la New Mexico, Marekani. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ikaleta sokoni baiskeli yake ya Pugsley, na mtindo ukasambaa. Tairi la aina hiyo lina upana wa karibu inchi nne na hujazwa upepo kidogo mno ili lilale juu ya mchanga badala ya kuzama. Ila kwenye lami, faida hiyo hugeuka mzigo. Tairi hukokota, nayo baiskeli huwa nzito kiasi cha kumchosha hata kijana mwenye misuli. Si ajabu basi kwamba wenye baiskeli hizo walikuwa miongoni mwa walioikimbilia mota.

Mota yenyewe hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiweka ndani ya kitovu cha gurudumu, na ya pili ni kuiweka katikati, pale pedali zinapozungukia, ili nguvu yake ipitie kwenye mnyororo. Njia ya pili hupanda mlima vyema zaidi kwa kuwa hutumia gia za baiskeli, lakini hula mnyororo upesi. Fundi anayeagiza vifaa bila kupima hujuta, kwani fremu ya tairi nene aghalabu huwa na upana wa milimita 100 mahali hapo pa pedali, ilhali baiskeli nyingi za kawaida zina milimita 68 au 73. Mota ya kitovu nayo huwa na nguvu ya kuukaza na kuusokota mhimili wake. Isipofungiwa chuma cha kuuzuia, mhimili unaweza kuchomoka kwenye uma wa mbele huku baiskeli iko kasi.

Sheria za Muungano wa Ulaya zimeweka mpaka ulio bayana. Baiskeli hubaki kuwa baiskeli iwapo mota haizidi wati 250, inasaidia tu wakati mtu ananyonga pedali, na inazima kabla ya kufikisha kilomita 25 kwa saa. Ikivuka hapo huhesabiwa kuwa pikipiki ndogo, na huhitaji nambari za usajili, bima na leseni.

Tatizo ni kwamba mpaka huo hulindwa na programu ndogo iliyo kwenye kidhibiti cha mota, na programu hufunguliwa. Vijana wa Uholanzi walijua hilo mapema. Aidha, tangu Januari 1, 2023, serikali iliwalazimisha waendeshaji wa pikipiki ndogo za kasi ya kilomita 25 kuvaa helmeti. Wengi wanaamini kanuni hiyo ndiyo iliyowasukuma vijana kwenye baiskeli za tairi nene, ambazo hazikuhitaji helmeti, leseni wala kutimiza umri wowote. Shirika la VeiligheidNL, linalofuatilia ajali nchini humo, limebaini kuwa watoto wa miaka 12 hadi 15 ni wengi kupita kiasi miongoni mwa wanaofikishwa hospitalini kwa ajali za baiskeli hizo. Polisi sasa hubeba mtambo wa kuzungushia magurudumu ili wapime kasi halisi papo hapo kando ya barabara.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chombo kinachotoka kilomita 25 kwa saa hadi 45 huwa na nishati zaidi ya mara tatu ya ile ya awali, na nishati hiyo yote sharti imezwe na breki. Mwenye kuongeza mota bila kubadilisha breki amefanya nusu ya kazi.

Nchini Kenya, mjadala huu si wa mbali hivyo. Bodaboda zilianzia kwenye baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, na zingali zinabeba abiria na mizigo katika miji ya magharibi mwa nchi. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 hubeba takriban asilimia 72 ya uniti moja ya umeme. Kwa bei maalumu ya uchukuzi wa umeme iliyoanza kutumika 2023, ya Sh16 kwa uniti, kuijaza kungegharimu chini ya Sh12 kabla ya kodi na tozo, ingawa bei hiyo huhitaji mita ya pekee. Kwa mwenye kunyonga kutwa akiwa na gunia la mahindi nyuma, kishawishi hicho si kidogo.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilizitaja baiskeli za umeme kwa jina ili kuzipunguzia mzigo wa VAT. Sheria ya Trafiki, iliyotungwa enzi za ukoloni, iligawa vyombo kwa namna nyingine kabisa: gari ni chombo chochote kinachosukumwa kwa mitambo, nayo baiskeli ni ile isiyojiendesha yenyewe. Mota inayosaidia mguu bila kuuondolea kazi imo upande gani? Ukifuata maneno jinsi yalivyo, mkulima aliyefunga mota ya wati 250 anaweza kuambiwa anaendesha gari lisilosajiliwa. Ukiyalegeza, mwenye mota ya wati 1,500 na kasi ya pikipiki naye atajificha humo humo.

Kuna pia suala la betri, ambalo jiji la New York lilijifunza kwa machozi. Mwaka 2023 watu 18 walifariki jijini humo katika mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za vyombo vidogo vya umeme. Mnamo Septemba mwaka huo huo, jiji likapiga marufuku kuuzwa kwa baiskeli za umeme na betri zisizoidhinishwa kiusalama. Betri iliyounganishwa kwa seli kuukuu, ikachajiwa usiku kucha katika chumba kimoja ambamo familia nzima imelala na mlango ni mmoja, ni hatari isiyopungua ile ya New York.

Na abiria aliyebebwa kwenye baiskeli kama hiyo akivunjika mguu, atamdai nani fidia? Pikipiki ina bima kwa mujibu wa sheria. Baiskeli haina, na hadi mota itakapopewa mahali pake kisheria, gharama ya mguu huo itabaki kwa mwenyewe na jamaa zake.