Usisingizie Hitilafu

Nyumba ikiungua, taarifa ni ile ile: chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Tunasoma, tunatoa pole, tunaendelea na maisha. Mimi sentensi hiyo siikubali. Hitilafu hutokea, na breka iliwekwa pale kwa sababu hiyo hiyo. Swali tusilouliza ni moja: breka ilikuwa inafanya nini?

Breka hailindi televisheni yako, inalinda waya. Ndani yake mna kipande cha metali mbili kinachopinda mzigo ukizidi, na koili inayokata papo hapo ikitokea shoti. Ni mashine yenye springi na ncha zinazogusana, na ncha hizo huungua kidogo kila inapokata shoti. Joto, vumbi na unyevu humalizia kazi. Yaweza kudumu miongo, yaweza kufa mapema. Ubaya wake, ikigandia kwenye kuwaka haimuagi mtu: taa zinawaka, redio inaimba, kumbe ulinzi umekwisha.

Huku kwetu Nyakasimbi, Karagwe, umeme ukiingia mtu anaanza na taa mbili na chaji ya simu. Baadaye inakuja pasi, friji, hata mashine ya kuchomelea uani. Breka inaanza kukata. Inasema kweli, lakini inaitwa msumbufu. Fundi anatoa ya ampea 20, anaweka ya 40, au anapiga direkti kabisa. Nyumba inatulia, fundi anasifiwa. Waya ni ule ule. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne, tena juu ya dari, asikoangalia mtu.

Nitaambiwa watu hawana hela. Najua, ndiyo maana kuunganishiwa umeme vijijini kuliwekwa shilingi 27,000. Lakini breka moja haifiki bei ya kitochi. Kinachotuangusha ni hesabu. Viongozi hututajia vijiji vilivyowashwa. Sijasikia anayetaja breka zilizochoka. Siku ya kuunganishwa anatakiwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Baada ya hapo nyumba inaachiwa Mungu.

Basi tudai. Kila ubao wa breka uandikwe mwaka uliofungwa. Mradi ulioleta nguzo urudi baada ya miaka mitano na fundi wa kupima. Na wewe msomaji, ukienda nyumbani Krismasi, usiishie kupeleka sukari. Kagua boksi la breka. Likiwa na joto, likinuka kuungua, au breka ikikataa kubaki juu, ita fundi. Akisema "tuweke kubwa zaidi," muulize kwanza waya ni wa milimita ngapi. Akishindwa kujibu, mpe nauli aende zake.